Giza la Kinango na Mwezi Uliopatwa

Jumapili ya 7 Septemba 2025, siku chache baada ya Maulidi, mwezi mpevu ulipita ndani ya kivuli cha dunia, na Afrika Mashariki nzima ilikuwa upande unaofaa. Saa 1:27 usiku ukingo wake ulianza kumegeka. Kufikia saa 2:30 ulikuwa umemezwa wote, ukabaki mwekundu kwa dakika 82. Kwa Waislamu wa pwani hiyo ni saa ya Sala ya Khusuf. Kwa wenye kamera ni saa ya hesabu.

Picha za mwezi uliopatwa hufanana mno: duara jekundu na weusi mtupu pembeni. Lakini usiku ule uliruhusu picha nyingine, adimu zaidi, ambayo ilihitaji mahali pazuri kuliko lenzi ndefu. Usiku wa mwezi mpevu nyota nyingi hufutika. Mwezi ukishaingia kivulini kabisa, mwanga wake hushuka mara 10,000 au zaidi, na anga hurudia giza lake. Saa 3:11, kilele cha tukio, kitovu cha Njia Nyeupe kilikuwa bado juu sana upande wa kusini-magharibi, na Zohali ikiwa chini ya mwezi upande wa mashariki. Mwezi mpevu na Njia Nyeupe katika anga moja!

Hapo ndipo Kinango, mji wa bara wa Kwale, inapoishinda Diani iliyo ufukweni. Ufukweni kuna taa za hoteli na za barabara. Kinango mwanga mkubwa ni ule wa Mombasa tu, kiasi cha kilomita 40 upande wa mashariki, nao hukaa chini karibu na upeo. Katika kilele mwezi ulikuwa umepanda nyuzi zaidi ya 40 na kuuacha mwanga huo mbali. Isitoshe, Shimba Hills husaidia: upepo wa bahari ukipanda vilima hivyo huacha ukungu na mvua upande wa Kwale, na nyika iliyo nyuma yake hupata hewa kavu zaidi. Mibuyu ya huko hukamilisha picha.

Ugumu uko kwenye mwanga. Mwezi mpevu hutosheka na ISO 100, tundu la f/8 na sehemu ya 1/250 ya sekunde. Ukishakuwa mwekundu, mtu hufungua hadi f/5.6, akapandisha ISO hadi 3200 na kuiacha lenzi wazi kwa sekunde nzima. Tatizo jipya huzuka hapo hapo, maana dunia inazunguka na mwezi husogea upana wake mzima kwa takriban dakika mbili. Kwa lenzi ya milimita 300, sekunde moja inatosha kuulainisha ukingo.

Dawa yake ni kifaa kinachozungusha kamera kufuata anga, ambacho mhimili wake sharti uelekee ncha ya anga. Ulaya watu huulenga kwa nyota ya kaskazini. Kinango iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo nyota hiyo haichomozi kabisa, na ncha ya kusini iko nyuzi 4 tu juu ya ardhi, ndani ya vumbi na vichaka. Inabaki dira, pimamaji, na mhimili uliolazwa karibu sambamba na ardhi. Vifaa vingi havikutengenezwa kulala hivyo, na ni busara kujaribu mchana kabla ya kuondoka nyumbani.

Anayetoka chumba chenye kiyoyozi naye ana mtego wake: kioo baridi kikikutana na hewa ya pwani hufunga ukungu papo hapo. Kamera ikae nje ndani ya begi lake, ipate joto polepole.

Kazi hii huenda vizuri zaidi kwa kundi. Mmoja hushika lenzi ndefu, mwingine lenzi pana ya Njia Nyeupe, na asiye na kamera hupima rangi kwa ngazi ya André Danjon, Mfaransa aliyeigawa kutoka 0, mwezi usioonekana karibu kabisa, hadi 4, shaba inayong'aa. Kipimo hicho si mchezo: Desemba 1992, baada ya volkano ya Pinatubo kurusha majivu na gesi angani, mwezi ulipatwa ukawa mweusi ajabu. Susan Murabana na Chu Owen, walioanzisha shirika la kutazama anga, The Travelling Telescope, mwaka 2014, wamezoesha Wakenya kutazama pamoja, na safari zao hufika Samburu ya kaskazini.

Mwezi utakaopatwa wote tena mbele ya macho ya Kwale ni wa 31 Desemba 2028, na hesabu ya mahali itageuka. Utachomoza jua likizama, tayari umemegwa, karibu kabisa na upande wa taa za Mombasa kwa aliye Kinango. Saa 1:16 usiku, utakapomezwa wote, utakuwa nyuzi 10 hivi tu juu ya upeo. Safari hiyo stendi za kamera zitasimamishwa mchangani Diani, zikielekezwa baharini.