Nani Anamkumbuka Mamou?

Juzi jioni hapa kwetu Kasapa tuliangalia pamoja na vijana wanaojitayarisha kwa ndoa ile picha ya sinema, La Vie est belle. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, na Benoît Lamy wa Ubelgiji waliitengeneza Kinshasa mwaka 1987. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani huko Abidjan mwezi wa Aprili 2016, ndiye Kourou, mpiga muziki maskini aliyetoka kijijini.

Tulicheka sana, wala hatuoni haya kusema hivyo. Kourou anafanya kazi ya boi, anampenda Kabibi. Kumbe tajiri Nvouandou, bwana wake, amtaka msichana yule yule! Tajiri huyo amepungukiwa nguvu za kiume. Badala ya kuketi na mke wake Mamou wakaulizana upendo wao umeharibikia wapi, anakimbilia kwa mganga. Dawa ni hii: aoe bikira, asimguse kwa siku 30. Basi Kabibi anakuwa mke wa pili.

Muziki ni mtamu, na maskini wa Kinshasa wanaonyeshwa kama watu wenye akili na heshima, si watu wa kuhurumiwa tu. Twasifu hayo. Lakini Nvouandou hatazami nyuma. Mmarekani Woody Allen, katika Annie Hall ya mwaka 1977, anaanza na mtu ajiulizaye mapenzi yake yalivunjika kwa sababu gani. Na hata hayo yanachekesha. Nvouandou ajiuliza dawa tu. Naye Mamou, twaona, amepewa wivu mwingi na nafasi ndogo: tunamcheka akikasirika, hatuonyeshwi vya kutosha alivyopendwa zamani. Mchezo ungalikuwa mzuri zaidi, tena wa kuchekesha zaidi, kama mume angaliulizwa jambo hilo na mkewe mwenyewe.

Picha ilipokwisha vijana walipiga makofi kwa ajili ya Kourou na Kabibi. Mama mmoja aliyeketi nyuma, ambaye mume wake alimwacha miaka mingi iliyopita, akauliza, “Na Mamou je?”

Kijana mmoja akajibu, “Mama, yule ni wa kuchekesha tu.”

Hakuna aliyecheka. Tuliwasha taa, tukamwomba mama aje mbele, naye akakubali kuketi.