Muda Haukusimama Stesheni

Miaka michache iliyopita niliandika insha kuhusu stesheni ndogo ya reli kati ya Mwatate na Maktau, kaunti ya Taita Taveta, ambako treni haipiti tena. Niliambatanisha picha: dirisha lisilo na kioo, magugu katikati ya reli, mbuzi amelala pale abiria walipokuwa wakingojea. Chini yake nikaandika, "Hapa muda umesimama." Wasomaji waliipenda. Nyanya yangu, baada ya kusomewa, hakuipenda.

"Muda haukusimama," akasema. "Kilichosimama ni treni. Sisi tuliendelea kula."

Juzi niliirudia insha ile nikiwa na kalamu nyekundu. Nilikuta paa limeanguka, mlango umeng'oka, ukuta umebomoka, stesheni imesahaulika. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendeka, ile inayotuwezesha kueleza uharibifu bila kumtaja aliyeufanya. Ningeweza kuandika "umeng'olewa" au "imeachwa", na msomaji angeuliza mara moja: na nani? Sikutaka aulize.

Sidhani kosa hili ni langu peke yangu. Nimesoma insha nyingi za vijana wenzangu kuhusu majengo yaliyofungwa, na nyingi hufuata njia hii: kutu, ukimya, popo, kisha huzuni. Mabati hutoweka kana kwamba yameota mabawa. Huzuni hiyo ni tamu, na haimdai mtu yeyote chochote.

Lakini reli ya Voi hadi Taveta haikuota yenyewe, wala haikunyauka yenyewe. Waingereza walianza kuijenga mwaka 1915 ili kupeleka askari dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameishika Taveta. Mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya upande wa Moshi. Vita vilipokwisha ikaendelea kutumika kwa mizigo na abiria. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika (naam, hata hapa kalamu yangu imekimbilia -ika, sema ikavunjwa), shirika la pamoja la reli likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka hadi mwaka 1983. Reli inayoelekea mpaka uliofungwa ina kazi gani? Mizigo ikahamia kwenye malori. Kila hatua ilikuwa na watu walioketi mezani wakaamua.

Vita hivyo vimeandikiwa riwaya. Katika An Ice-Cream War ya William Boyd, iliyotoka mwaka 1982, yumo mlowezi Mmarekani mwenye shamba la mkonge karibu na Taveta. Wajerumani wanaichukua mashine yake ya kuchakata mkonge, naye anaingia vitani huku akiitafuta. Ni kichekesho, na hunichekesha kila nikisoma. Ila safari hii nilikwama hapo. Mashine ya mlowezi ikipotea, mwandishi anamtafutia aliyeichukua, hata ikibidi kuvuka nchi nzima. Stesheni yetu ikipotea, mimi, mjukuu wa pale, naandika kwamba imetoweka.

Hata kudumu kwa kitu kuna mtendaji. Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa katika vita hivyo, na yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jua ni lile lile, mchwa ni wale wale. Tofauti ni kwamba huku yuko anayelipwa kufyeka majani.

Basi nijaribu tena, kwa kauli ya kutendwa. Vioo vilivunjwa na watoto, nami nikiwamo. Kipande cha reli kilitundikwa kwenye mti wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi kiligongwa kutuita darasani. Mabati yalichukuliwa usiku na wauza vyuma chakavu. Mlango wa chumba cha tikiti uling'olewa na mjomba wangu, mwaka ambao mvua ilikosa na fisi wakaanza kuingia bomani. Uko kwenye banda la kuku la nyanya. Nimeufungua na kuufunga utoto wangu wote, na katika insha yangu niliandika "umeng'oka".

Nilimsomea nyanya aya hiyo. Alicheka kidogo, kisha akauliza kama polisi husoma mambo haya. Akaniomba nisitaje jina la mjomba, nami nimemtii.

"Lakini andika kwamba aliuomba kwanza," akasema. "Alingoja wiki mbili nje ya ofisi ile. Hakuna aliyekuja kumwambia ndiyo wala hapana."