Hitilafu ya Kushika na Kuachia: Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo Mmoja wa Kompyuta

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuutolee maoni, mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta nyumbani ambaye vifaa vyake, kama vile kichapishi au diski ya nje, huonekana na kutoweka vyenyewe. Kazi hiyo inastahili sifa. Sentensi zake ni fupi, na utaratibu wake wa uchunguzi ni sahihi: kebo kwanza, kisha tundu, kisha umeme, na mwisho programu. Hata hivyo, istilahi tatu zinaupotosha, na hasara yake si ya lugha peke yake.

Ya kwanza ni "hitilafu ya mara kwa mara". Jambo la mara kwa mara ni lile litokealo mara nyingi, ilhali hitilafu inayozungumzwa hapa yaweza kutokea mara moja tu kwa juma. Sifa yake ni kuja na kuondoka bila kanuni. "Hitilafu ya vipindi" nayo haifai, kwani kipindi, kiwe cha shule au cha redio, kina mwanzo na mwisho unaojulikana. Mafundi wetu wa redio na magari husema kwamba waya "unashika na kuachia". Twapendekeza usemi huo upokewe. Pamoja na kueleweka, unamwelekeza msomaji aanze uchunguzi wake kwenye maungio.

Ya pili ni kitenzi "kukatika", ambacho mfasiri amekitumia kwa kila hali. Kusema "kifaa kimekatika" ni kusema kimevunjika vipande viwili. Kiswahili kinatofautisha vizuri: kebo hukatika, plagi huchomoka, mawasiliano hupotea. Vilevile, kifaa chaweza kuwa kimechomekwa barabara na bado kisiunganike. Tundu la USB la sanifu ya 2.0, iliyotolewa mwaka 2000, hutoa miliampea 500 kwa volti 5. Kifaa cha kugawa matundu kisicho na umeme wake chenyewe hugawa kiasi hichohicho kwa vyote vilivyochomekwa. Diski ya nje ikihitaji zaidi, hutoweka ingawa hakuna aliyegusa kebo. Msomaji aliyeambiwa kwamba kifaa "kimekatika" atanunua kebo mpya bure, na hitilafu itabaki palepale.

Ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi. Mwongozo unaagiza: "Ondoa kiendeshi, kisha ukiweke upya." Mfasiri alikusudia programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Lakini katika ukurasa uliotangulia, neno hilohilo limetumika kwa maana ya chombo cha kuhifadhia kumbukumbu. Mwalimu mwenye alama za wanafunzi ndani ya diski yake, au karani mwenye majalada ya idara, akiifuata maana ya kwanza aliyofundishwa, aweza kufuta kazi ya muhula mzima, tena kwa utii kamili wa maelekezo. Twashauri "kiendeshi" libakie kwa chombo hicho, na ile ya pili iitwe "programu kiendeshaji". Kwa kuwa maneno haya mawili yanakaribiana mno kwa sauti, neno "programu" lisiachwe kamwe, hata pale linapoonekana kurefusha sentensi.

Lawama haimwangukii mfasiri peke yake. Sisi tunaoshughulika na istilahi nasi mara nyingi huzilinganisha na maneno ya kigeni tukiwa mezani, bila kuuliza msomaji atafanya nini kwa mikono yake baada ya kuzisoma. Mwongozo wa namna hii ungepaswa, kabla ya kupigwa chapa, kupewa mtu mwenye kompyuta yenye hitilafu, naye atazamwe anavyoufuata. Pale atakaposita, hapo istilahi itazamwe upya.

Mapendekezo haya si hukumu ya mwisho. Wafasiri, walimu na watumishi wa idara wenye maneno yaliyokwisha kuzoeleka mahali pao wanaombwa watuletee, pamoja na mifano ya matumizi.