Kantareli Ziligawanywa, Trufeli Zikaunganishwa

Kantareli na trufeli ni uyoga wa porini unaoliwa, ingawa kiukoo zimetengana sana. Kantareli ni za kundi la Basidiomycota, ambamo spora hukua juu ya seli zenye umbo la rungu. Trufeli ni za Ascomycota, ambamo spora hufungwa ndani ya vifuko. Kantareli husimama juu ya ardhi na kumwaga spora zake hewani. Trufeli hukomaa chini ya udongo, na hutegemea wanyama wanaovutwa na harufu yake wazifukue, wazile na kuzieneza spora kwa kinyesi.

Zinakutana kwenye mizizi. Zote huishi kwa ubia na miti au vichaka: nyuzi za kuvu huufikishia mzizi maji na madini, na mzizi hulipa kwa sukari. Mwaka 1885 Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyepewa kazi ya kuchunguza uwezekano wa kuzalisha trufeli huko Prussia, aliuita ubia huo mikoriza. Ndiyo maana mtambuzi makini hutazama kwanza mti uliosimama jirani, kisha ndipo auinamie uyoga.

Kwa kantareli, hatua inayofuata ni kuugeuza uyoga chali. Uyoga mwingi una lamela, yaani vipande vyembamba vilivyopangwa chini ya kofia kama kurasa za kitabu, na vinavyoweza kubanduliwa. Kantareli ya kawaida haina lamela za kweli. Ina mikunjo butu inayogawanyika kama panda, inayoteremka hadi kwenye shina, na isiyobanduka bila kurarua nyama ya uyoga wenyewe. Alama hiyo huitofautisha na Omphalotus olearius, uyoga wa rangi ya machungwa wa Ulaya ya kusini unaosababisha kutapika vibaya. Omphalotus ina lamela nyembamba za kweli, nayo huota kwa vishada kwenye visiki au mizizi ya miti, ilhali kantareli huota udongoni, mojamoja au zikiwa zimetawanyika.

Alama hizo zilitosha kwa muda mrefu. Mwaka 1821 Elias Fries wa Sweden aliiita kantareli ya Ulaya Cantharellus cibarius, na jina hilo likasafiri mbali kuliko uyoga wenyewe. Karibu kila kantareli ya manjano iliyookotwa Afrika au Amerika iliandikwa kwa jina hilo. Katika misitu ya miombo, inayoenea kutoka Tanzania hadi Zambia, Kongo na Angola, kantareli huota wakati wa mvua chini ya miti kama mtundu, myombo na muba, na ni chakula cha familia na biashara ya kando ya barabara. Misitu hiyo haina mialoni wala misonobari ya asili, ambayo ni miongoni mwa miti inayoandamana na kantareli ya Ulaya. Tofauti hiyo ya miti peke yake ilitosha kutia shaka kwamba spishi ni moja.

Wa kwanza kuzichambua kwa kina kantareli za Afrika ya kati walikuwa Wabelgiji. Maurice Beeli alitangaza Cantharellus congolensis mwaka 1928, na katika miaka ya 1950 na 1960 Paul Heinemann aliongeza spishi kadhaa kutoka Kongo, zikiwemo C. platyphyllus na C. symoensii. Walitumia rangi, vipimo na darubini. Darubini ilionyesha jambo ambalo macho hayaoni. Katika kantareli nyingi, nyuzi za kuvu zina vifundo vidogo pembeni mwa kuta zinazotenganisha seli. Katika baadhi ya kantareli za Afrika, vifundo hivyo kwa kawaida havipo. Hizi pia zina mikunjo minene, iliyoachana, inayokaribia kufanana na lamela. Kwa hiyo kanuni ya mikunjo iliyotungwa Ulaya humyumbisha anayeitumia bila tahadhari katika miombo.

Mwaka 2001 Guillaume Eyssartier na Bart Buyck waliziweka kantareli hizo katika jenasi ndogo ya Afrocantharellus. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa na Amelia Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Sanja Savić na Leif Tibell wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliipandisha kuwa jenasi kamili yenye spishi nne. Walikusanya vielelezo vingi porini, wakasoma DNA na kuilinganisha na umbo. Mwaka 2014 Buyck, Valérie Hofstetter na wenzao walichapisha uchambuzi wa jeni kadhaa kwa kantareli za dunia nzima, wakairudisha Afrocantharellus ndani ya Cantharellus.

Mabishano hayo hayakuhusu kuwepo kwa kundi, bali ngazi yake. DNA huonyesha matawi ya ukoo. Haisemi tawi lipi liitwe jenasi na lipi liitwe jenasi ndogo. Uamuzi huo ni wa watu. Uchaguzi wa jeni nao una uzito. Sehemu za DNA za ribosomu zinazotumika sana kutambua kuvu hubadilika haraka mno katika kantareli, kiasi kwamba kuzilinganisha kati ya spishi za mbali ni kazi ngumu. Ndiyo sababu watafiti hutegemea pia jeni za protini. Katika jambo moja hakuna tena ubishi: kantareli za miombo si C. cibarius.

Kwa trufeli, mbinu zilezile zilitoa jibu la kinyume: majina mawili yaligeuka kuwa spishi moja. Ili kuitambua, trufeli hukatwa katikati kwanza. Ile ya kweli ya jenasi ya Tuber ina nyama ngumu yenye mishipa myeupe iliyojipinda. Donge linaloonyesha umbo la uyoga mchanga ndani yake huenda ni uyoga wa jenasi ya Amanita wenye sumu ambao bado haujachomoza. Baada ya hapo spora hupimwa: Tuber melanosporum ya Ufaransa ina spora zenye miiba, na Tuber aestivum ina spora zenye wavu.

Carlo Vittadini wa Italia alitangaza T. aestivum mwaka 1831. Mwaka 1887 Adolphe Chatin wa Ufaransa alitenga T. uncinatum, trufeli ya vuli yenye nyama nyeusi zaidi, harufu kali zaidi na bei kubwa zaidi. Hoja kuu ilikuwa kimo cha wavu wa spora. Mwaka 2004 Francesco Paolocci na wenzake walilinganisha DNA na hawakupata mpaka kati ya hizo mbili. Ni spishi moja, na jina la 1831 ndilo lenye haki kwa kuwa lilitangulia. Hata hivyo DNA hutenganisha pale inapobidi: Tuber indicum ya Asia hufanana mno na T. melanosporum, hata kwa miiba ya spora, na vipimo vya jeni hutumika kuifichua inapouzwa kwa jina la mwenzake.

Katika majangwa ya Ghuba na Afrika ya Kaskazini, trufeli za Terfezia na Tirmania huota baada ya mvua karibu na vichaka vya Helianthemum. Tone la myeyusho wa iodini huzitenga: vifuko vya Tirmania hugeuka buluu, vya Terfezia havigeuki.

Hakuna alama moja inayotosha. Kielelezo chenye manufaa huandikiwa jina la mti jirani, rangi yake kikiwa kibichi, harufu na sehemu kilipookotwa, kisha hukaushwa na kuhifadhiwa ili DNA isomwe baadaye. Kwa anayeokota ili ale, kanuni ni fupi: uyoga ambao utambulisho wake haujathibitishwa na mtu anayeujua hauingii chunguni.