Uso Badala ya Kisogo: Tom Cruise na Mruko wa Futi 25,000

Katika banda la video la mtaani kwetu, miaka ya tisini, palikuwa na kaka mmoja aliyependa benchi la mbele. Staringi akiruka kutoka ghorofani, sisi watoto tunapiga kelele, yeye ananyoosha kidole hadi kwenye kioo cha runinga: "Siyo yeye huyo. Mwangalieni kisogo." Na ukishaonyeshwa, huwezi kujizuia kuona. Nywele zimekaa vingine, mabega yamekuwa mapana ghafla. Picha inakatwa, uso wa staringi unarudi umekunjamana kwa maumivu ya anguko lililomwangusha mtu mwingine.

Hivyo ndivyo sinema za mapigano zilivyotengenezwa kwa miaka mingi, na hakuna aibu ndani yake. Mbadala anapigwa picha kwa nyuma au kwa mbali. Staringi anapigwa kwa mbele na kwa karibu, mara nyingi akiwa salama studio. Mhariri anaunganisha vipande. Nimeanza na kisogo kwa sababu sehemu ninayotaka kuichambua leo ilitengenezwa kwa gharama, muda na hatari kubwa kwa lengo moja tu: kisogo kitoke kwenye picha, uso uingie.

Filamu ni Mission: Impossible – Fallout, iliyotoka Julai 2018, mwongozaji akiwa Christopher McQuarrie. Ethan Hunt, yaani Tom Cruise, anaruka jua likishazama kutoka kwenye ndege ya jeshi juu ya Paris akiwa na August Walker, anayeigizwa na Henry Cavill. Radi inampiga Walker naye anazimia akiwa bado anaanguka. Hunt anamfukuza hewani, anamkamata, anamuunganishia oksijeni yake mwenyewe, kisha anafungua mwavuli dakika ya mwisho.

Walipopiga picha hapakuwa na Paris wala radi. Chini yao palikuwa jangwa la Falme za Kiarabu, na ndege ilikuwa C-17, lile dege la mizigo la kijeshi lenye mlango mkubwa mkiani. Mruko wa aina hii wanajeshi wanauita HALO: unatoka juu sana ili ndege isigunduliwe, unafungua mwavuli chini sana ili usionekane ukielea. Cruise alitoka futi 25,000, karibu mita 7,620. Ukiiweka Kilimanjaro hapo, kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 kingebaki chini ya miguu yake kwa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Aliyefika Uhuru anajua hewa ya kule ilivyo: hatua tatu, unasimama, unahema. Kwenye futi 25,000 hali ni mbaya zaidi. Shinikizo la hewa limeshuka hadi karibu theluthi moja ya lile la pwani, na mtu asiye na oksijeni ana dakika chache tu kabla akili haijaanza kuyumba. Ipo hatari nyingine inayotajwa mara chache. Damu yetu ina naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake, na shinikizo la nje likishuka haraka, naitrojeni hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa kwa pupa. Povu hilo likikwama kwenye maungio au kwenye ubongo, mtu anaweza kupooza, anaweza kufa. Kwa hiyo kabla ya kuruka lazima avute oksijeni tupu kwa muda, ili naitrojeni imtoke taratibu.

Ndipo tatizo la uso linapoanza. Mwanajeshi anayeruka HALO hufunikwa mdomo na pua kwa barakoa ya oksijeni, na macho kwa miwani mikubwa. Ukimpiga picha hivyo, anaweza kuwa mtu yeyote. Yule kaka wa benchi la mbele angenyoosha kidole mara moja. Watengenezaji wakaamua kuunda helmeti yao wenyewe: kioo kikubwa cha mbele kinachoacha uso wote wazi, oksijeni ikiingia ndani ya helmeti, na taa ndogo za kuangaza uso kutokea ndani. Kifaa hicho kilipaswa kuwa vazi la kuigizia na wakati huohuo chombo halisi cha kuokoa uhai. Sanaa na usalama vilikutana kwenye kipande kimoja cha kioo.

Uso umepatikana. Sasa uonekane kwa ukali.

Hapa naomba msomaji avute subira, kwa sababu hiki ndicho kiini cha ufundi wenyewe. McQuarrie alitaka mwanga wa magharibi, ule wa jua likishazama na mbingu haijawa nyeusi kabisa. Mwanga huo ni hafifu, na kamera ikikosa mwanga, tundu la lenzi hufunguliwa wazi. Tundu likiwa wazi, eneo linaloonekana vizuri huwa jembamba sana. Mwigizaji akisogea kidogo mbele au nyuma, uso unakuwa ukungu. Kwenye sinema ya kawaida wanabandika utepe sakafuni, mwigizaji anasimama juu yake, na msaidizi pembeni ya kamera anarekebisha lenzi kwa vidole huku akimtazama. Ukianguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 200 kwa saa huna sakafu, huna utepe, wala msaidizi hana pa kusimama.

Kamera ilifungwa juu ya helmeti ya mrukaji mwenye uzoefu mkubwa, Craig O'Brien, naye alianguka pamoja na Cruise. Kwa kuwa lenzi haikuweza kumfuata mwigizaji, mwigizaji ndiye aliyetakiwa kuifuata lenzi: aanguke, amkaribie O'Brien hadi kama mita moja, abaki hapo, aigize. Hewani hakuna breki. Unapunguza mwendo kwa kutanua mikono na miguu upepo ukukamate, unauongeza kwa kuikunja. Ukikosea kipimo, utampita mpigapicha au utamgonga, na kugongana kwa kasi ile kunaua. Ndiyo maana kwenye studio za Leavesden, karibu na London, walijenga handaki la upepo la kuwafunza kusimama hewani kabla ya kupanda ndege. Mazoezi mengi yalikuwa ya kazi hiyo: kufika mahali sahihi mbele ya lenzi, uso ukiwa umeelekea upande unaotakiwa.

Ule mwanga wa magharibi hudumu kama dakika tatu. Maana yake walikuwa na nafasi moja tu kwa siku. Mchana kutwa wanafanya mazoezi ya kuruka, jioni wanavuta oksijeni, ndege inapanda, wanaruka mara moja, na picha ikitoka na ukungu wanangoja kesho. Jumla ya miruko ya Cruise, ya mazoezi na ya kamera, ilifika 106. Vilivyohitajika ni vipande vitatu, ambavyo baadaye viliunganishwa hadi vikaonekana kama pumzi moja isiyokatika.

Cavill hakuruka. Nafasi yake ilichukuliwa na mbadala, na ukitazama vizuri utaona hadithi ilivyomsaidia: Walker amezimia, anabiringika, hana haja ya kutuonyesha uso. Kwake ile kanuni ya zamani iliendelea kufanya kazi bila mtu kulalamika.

Nina lawama moja, nayo nimekuwa nayo tangu nilipoiona filamu hii mara ya kwanza. Jangwa lilifutwa kwa kompyuta, likawekwa jiji la Paris, na katikati yakapachikwa mawingu ya tufani na radi. Kazi hiyo imefanywa kwa ustadi. Lakini mawingu yale ya kutengenezwa yanamfanya mtazamaji aamini kwamba vyote ni vya kutengenezwa. Nimekaa na watu wazima wanaoipenda sinema, nikawaambia yule anaanguka kweli, wakakataa hadi nilipowaonyesha picha za matayarisho. Miruko 106, halafu radi ya bandia inawapa watu sababu ya kutouamini hata mmoja! Mimi ningeiacha anga tupu.

Kompyuta, hata hivyo, ina mchango wake mzuri katika maisha ya Cruise. Alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, mwaka 1962, na alipata umaarufu miaka ya themanini kwa uso wake kuliko kwa mwili wake: Risky Business mwaka 1983, Top Gun mwaka 1986. Wakati huo kumning'iniza nyota kulikuwa na shida ya wazi: kamba ya kutosha kumbeba mtu kwa usalama ingeonekana kwenye picha, na kamba isiyoonekana ilikuwa nyembamba mno. Kisha miaka ya tisini mwanzoni kompyuta zikaanza kufuta kamba, kama walivyofanya katika Cliffhanger ya Sylvester Stallone mwaka 1993. Kamba ikawa nene kadiri mtu atakavyo. Wengi husema kompyuta imewaondoa waigizaji kwenye hatari. Kwa Cruise iliifuta kamba kwenye picha na kumwacha yeye juu.

Mission: Impossible ya kwanza, ya Brian De Palma mwaka 1996, ndiyo iliyomfungulia mlango huo, na humo alikuwa pia mmoja wa watayarishaji, kwa hiyo sauti yake ilisikika. Kila mtu anaikumbuka sehemu ya chumba cheupe, Hunt akishushwa kwa kamba hadi karibu kugusa sakafu. Kila walipojaribu, mwili ulipinduka na kichwa kikagonga chini. Suluhisho halikutoka kwenye mtambo wowote. Cruise aliomba sarafu, akatumbukiza ndani ya viatu vyake hadi miguu ikawa mizito kiasi cha kusawazisha kichwa. Ukiitazama sasa, zile sentimita chache kati ya pua yake na sakafu zinalindwa na chenji ndani ya kiatu.

Tangu hapo ni ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 2011, Ghost Protocol, alipanda nje ya Burj Khalifa lenye mita 828, jengo ambalo Waswahili walioko Dubai hulipita wakienda kazini. Mwaka 2015 alining'inia ubavuni mwa ndege aina ya A400M ikipaa, macho yamefunikwa kwa lenzi maalumu ili vumbi lisimpofushe na aweze kuyaacha wazi. Macho wazi, maana yake uso. Katika Top Gun: Maverick ya 2022 hawakumruhusu kuendesha ndege za kivita za jeshi la majini, lakini yeye na wenzake waliketi kiti cha nyuma, kamera 6 zikiwa ndani, ili tuone mashavu yakivutwa na uzito wa kona.

Fallout yenyewe ina ushahidi mwingine, usiohitaji oksijeni. Agosti 2017, London, Cruise aliruka kutoka jengo moja kwenda jingine, mguu ukagonga ukuta, kifundo kikavunjika. Alijivuta juu, akainuka, akachechemea hadi akaipita kamera, kwa sababu alijua asipoipita kipande hakitatumika. Kazi ilisimama kwa wiki kadhaa. Kipande kimo ndani ya filamu, na anachechemea kweli.

Ule mruko wa jangwani ulipigwa picha baada ya jeraha hilo. Ukirudi kuutazama, uanze kabla ya anga. Mlango wa mkiani umefunguka, Cruise anakuja mbele kwa mbio. Kamera inarudi nyuma, inazidi kurudi, kisha sakafu ya ndege inaisha na kamera haisimami. Huyo ni O'Brien. Anatembea kinyumenyume hadi ukingoni, macho hayajamwacha Cruise, na anajiachia wa kwanza, ardhi ikiwa mgongoni. Hivyo ndivyo alivyotoka, na katika filamu nzima huoni hata kisogo chake.