Myahudi Tusiyemjua

Mwalimu Nyerere alipata kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sikatai, lakini lugha, kama jahazi litokalo hapa Nyamisati kwenda Mafia, haisafiri bila shehena.

Chukua Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969. Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja. Yeye akaandika mabepari. Kwa neno hilo lawama haimwelemei tena Shylock peke yake, bali yawagusa na matajiri Wakristo wa mji ule. Hilo nalisifu.

Hata hivyo, Shylock alibaki Myahudi. Nilipofundisha kitabu hicho chuoni niliuliza: Myahudi ni mtu gani? Darasa zima likajibu: mla riba. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja. Nilicheka nao, tukaendelea na somo.

Miaka ikapita. Siku moja bandarini, mgeni aliyengoja boti aliniuliza kwa Kiingereza kama sisi watu wa delta twajua kusoma. Sikumkasirikia sana. Huenda naye alifundishwa na mwalimu aliyecheka, akaendelea na somo.