Mzigo Una Hesabu, Bega Halina

Ukisoma vitabu kuhusu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, utajua uzito wa karibu kila kitu. Utajua frasila za pembe, majora ya merikani, mafungu ya shanga. Utajua kwamba mpagazi mmoja alibeba kilo 30 na zaidi, na kwamba pembe iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikabebwa mzegazega na watu wawili. Bega lililokuwa chini ya mti huo kwa zaidi ya kilomita 800 hutajwa pale tu linapogoma.

Nimevisoma vitabu hivi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, tena nikiwa Tabora, katika miezi ambayo nami nilikuwa na hesabu zangu: kukimbia kilomita 10 bila kusimama, kupunguza kilo sita, kuamka saa kumi na moja alfajiri siku tano kwa wiki. Programu ya simu ilinihesabia hatua, na kila nilipomaliza ikanikumbusha niushukuru mwili wangu. Siku hizi wito huo umeenea, kuanzia jimu hadi mitandaoni: ushukuru mwili wako, umekufikisha ulipo. Nataka kuusoma wito huu kwa jicho lile lile ninalosomea vitabu vya njia ya misafara, maana naona ni ndugu.

Tuanze na Richard Burton. Aliondoka pwani Juni 1857 akafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 7, baada ya siku 134. Kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kilitoka 1860. Ni kitabu kinachojua sana mwili, ila mwili wa mwandishi. Homa zake zina kurasa. Baada ya Tabora miguu yake ilikufa ganzi, akabebwa kwenye machela. Mwenzake, John Speke, alifika Ziwa Tanganyika Februari 1858 akiwa karibu haoni. Hata hivyo, mtu huyu aliyebebwa ndiye anayejaza kurasa kwa malalamiko juu ya wabebaji: wavivu, watoro, wenye madai yasiyoisha.

Katikati ya manung'uniko hayo Burton anadokeza jambo ambalo lingestahili sura nzima. Anasema kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na watoto wadogo walianza kujizoeza kwa kubeba vipande vidogo vya pembe mabegani. Hayo ni mazoezi yenye lengo, yenye uzito unaoongezwa kidogo kidogo, yenye fahari mwishoni. Kijana yeyote aliyewahi kunyanyua vyuma ataitambua akili hiyo. Burton anaiona, kisha anaipita, kwa kuwa ameshaamua kwamba anatazama kundi la wanyama wa mizigo wenye lugha.

Aliyerudi nyuma kuiokota ni mwanahistoria Stephen Rockel katika Carriers of Culture, kitabu cha 2006. Kwake mpagazi wa Kinyamwezi ni mfanyakazi wa ujira mwenye ujuzi, heshima na desturi za kazi. Yale ambayo Burton aliyaita uvivu, Rockel anayasoma kama mapatano: watu walibishana kuhusu uzito wa mzigo, posho na siku za kupumzika, na mambo yalipowashinda waliondoka. Katika kazi zake wanawake pia wanaonekana njiani, wakiwa na vyungu, vyakula na watoto, miili ambayo wasafiri wengi wa Ulaya waliipitishia macho tu.

Ninapokisoma kitabu hicho, kinachonishika zaidi ni kule kukataa. Mpagazi aliyejua thamani ya bega lake aliupima mzigo kabla ya kuunyanyua, na ulipozidi aliuacha chini. Huko ndiko kuushukuru mwili ninakokuelewa: kunaonekana katika kitu usichokubali kukibeba.

Ila tusiipambe njia hii. Ilipitisha pia watu waliofungwa, ambao hawakuulizwa bega lao linaweza nini. Na mpaka kati ya mpagazi wa ujira na mtu wa minyororo ulivukika. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkwe wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, anasimulia katika wasifu wake, uliochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, jinsi wapagazi wake wa Uzaramo walivyotoroka. Alikwenda vijijini mwao, akakamata watu, akawafunga, na kwa ajili hiyo akapewa jina la Kingugwa. Analisimulia jina hilo kama mtu anayekuonyesha nishani. Kiswahili chake ni kizuri, kifupi, hakina pambo. Nafikiri ufupi huo ndio unaomsaidia: sentensi inasonga kama msafara, na aliyeanguka anabaki nyuma ya nukta.

Sasa turudi kwenye ule wito wa simu. Kosa lake liko kwenye saa inayochagua kuja. Huja baada ya lengo kutimia. Siku niliyolala na malaria haukuja. Siku nilipoishia kilomita tatu, ulikuja ujumbe mwingine wa kunihimiza nisikate tamaa. Mwili unashukuriwa ukishafikisha mzigo, kama mpagazi anayepewa bakshishi akifika kambini, ili kesho aamke tena. Maneno ni laini, lakini anayeyasema ni mwenye msafara.

Bibi yangu, anayeishi Isevya, ana neno lake. Asubuhi moja alinikuta naingia uani, jasho linanitoka, akaniambia, "Pole, mjukuu wangu." Nikamwambia, "Bibi, hakuna aliyenituma, nimetaka mwenyewe kukimbia." Akanitazama kama mtu asiyejua salamu. "Wewe umetaka. Hayo magoti uliyauliza?" Kisha akaniuliza mbona nimekonda, kama naumwa. Kwake kilo nilizokuwa nazisherehekea zilikuwa habari ya kutia wasiwasi. Mwanamke huyu alibeba maji kichwani kwa miaka mingi, na leo shingo haigeuki vizuri upande wa kushoto. Simu yangu haina pa kuandika kilomita zake.

Tangu hapo nimelichukua neno pole kama chombo cha uhakiki. Tunalisema kwa aliyetoka safari, kwa aliye kazini, kwa mgonjwa, kwa mfiwa. Halimuulizi mtu kama amefanikiwa. Aliyelima heka nzima na aliyelima robo wote huambiwa pole na kazi, na wote hujibu nimeshapoa, kwa neno lile lile tunalolitumia kwa uji uliotoka motoni na kwa kidonda kinachofunga. Hongera inahitaji matokeo. Pole inahitaji mwili tu.

Itumie pole kusoma hadithi ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni ya Mexico City, Oktoba 1968. Tunaisimulia mashuleni: alianguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho akiwa amefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Ni hadithi kubwa nami naipenda. Lakini sikiliza tunaposimamia. Tunamwacha uwanjani, goti linauma, kwa sababu goti linalouma linatufaa kwa mahubiri ya kutokukata tamaa. Ni wachache wanaoendelea hadi 1970, Akhwari alipomaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Goti lile lilipumzishwa, likapona, likakimbia tena. Hapo katikati kuna simulizi ya mwili ambayo hatujaiandika.

Hiki ndicho ninachokidai kwa waandishi wa rika langu wanaoandika kuhusu mbio, mizani na jimu, na kwa yeyote atakayeandika tena kuhusu njia ya Tabora. Kilomita tumeshahesabu vya kutosha. Andika kambi. Andika siku ambayo msafara haukuondoka kwa sababu watu walikuwa wamechoka, nani aliwasha moto, nani alimkanda nani mgongo, na ni mzigo gani ulioachwa chini ya mwembe.